Tumeanguka mita ngapi? Shangazi, simu yangu na mtikisiko wa ndege

Mwezi wa nne nilimsindikiza shangazi kurudi Mwanza. Alikuja Dar kwenye sendofu ya mdogo wangu, akakaa wiki tatu, joto likamshinda, akasema basi hapandi tena maana magoti yamegoma, ndugu tukachangishana kwenye grupu tukampatia tiketi ya ndege. Masharti yake mawili tu: asiende peke yake, na asikae dirishani. Ndege yenyewe zile za pangaboi, na msimu ndo ule wa masika, mawingu yamejipanga toka Dodoma mpaka huko mbele.

Tukiwa kama saa moja hewani ikaanza. Kwanza vile vimtetemo vya barabara ya vumbi, afu ikatulia, afu ikashuka moja ya ghafla mpaka juisi ya jirani ikahama kikombe. Shangazi akanikamata mkono, kucha zimeingia. "Baba, tumeanguka mita ngapi hapo?" Kabla sijajibu jamaa wa siti ya nyuma akadakia, kwa sauti ya mtu aliyesafiri sana, "Hapo ni kama mita mia mbili mama, hii njia naijua." Shangazi akaanza rozari.

Sasa mimi bwana huwa nina kaugonjwa kangu, kila nikipanda ndege nawasha programu ya kwenye simu inayorekodi mtikisiko. Simu yako ina kidude ndani, aksileromita, ndicho kinachofanya skrini igeuke ukiilaza, na kinaweza kusoma mara 100 kwa sekunde au zaidi. Naweka simu hali ya ndegeni, naibana kati ya ukuta na mkono wa kiti isicheze, basi. Zamani nilikuwa naiweka kwenye mapaja, nikagundua napima mapaja yangu, nyama ni shokapu nzuri kuliko za gari langu.

Tulivyofika Mwanza nikafungua grafu. Ukiwa umekaa kimya sebuleni unasoma 1, yaani uzito wako wa kawaida, wenyewe wanaita 1 g. Pale juisi ilipohama ilishuka mpaka 0.6 kwa kama nusu sekunde, afu ikapanda 1.3 ndo ikarudi. Piga hesabu ya kidato cha pili, ile nusu sekunde ndege imeshuka kama nusu mita, ukiongeza ule muda wa kujishika tena jumla haizidi sana mita moja na robo. Mita moja na robo! Yule jamaa alituzidishia kama mita 199. Hesabu ya simu sio ya kuapia mahakamani, ila hata ukiizidisha mara tatu hufiki hata urefu wa nyumba.

Mwili haupimi mita, mwili unapima mabadiliko ya uzito, na ubongo ndo unatunga hizo mita kwa hofu yake. Tukio la kweli kabisa: tarehe 21 Mei 2024, SQ321 ya Singapore Airlines, Boeing 777 toka London kwenda Singapore, ikiwa juu ya Myanmar kwenye futi kama 37,000. Abiria mmoja alifariki, watu kibao waliumia, ikabidi watue Bangkok. Mitandaoni watu wakaandika ndege imeanguka futi 6,000. Wachunguzi wa Singapore walipofungua kisanduku cheusi wakakuta ule mshuko wenyewe ni futi 178 ndani ya sekunde 4.6, mita kama 54 hivi. Zile futi 6,000 zilikuwa rubani anashuka kwa utaratibu baadae. Kilichoumiza watu ni kingine: ndani ya sekunde 0.6 kipimo kilitoka +1.35 kikaenda -1.5. Hasi, umeona? Maana yake aliyekuwa hajafunga mkanda, dari ndo imekuwa sakafu yake, na anaenda huko kwa nguvu kuliko uzito wake mwenyewe. Ndani ya sekunde 4 ikarudi +1.5, walioko darini wakashuka. Mikanda jamani.

Hizo namba zimetoka kwenye aksileromita ya ndege, iliyofungwa karibu na kati ya ndege, sio mkiani. Mkia unacheza zaidi, ndo maana siti za nyuma watu hutapika kwanza. Kisanduku cheusi kinarekodi mtikisiko wa juu-chini mara 8 kwa sekunde, simu yangu inakipita mbali kwa idadi, ila kile kimefungwa kwenye mfupa wa ndege na kimesahihishwa, simu yangu imebanwa na koti la shangazi.

Nilifurahi na grafu yangu kama wiki hivi, mpaka siku namwonyesha rubani mmoja tunayefahamiana, anarusha vile vindege vidogo vya Caravan vya Zanzibar. Akaiangalia, akaniuliza, "Hapa umepima hewa au umepima ndege?" Nikakosa jibu.

Ndo nikaanza kusoma, na ndo sababu ya post hii ndefu.

Angalia, tuta ni lilelile. Bodaboda akilipita anaruka na abiria wake, lori lenye tani 30 za simenti likilipita linajikuna tu. Ukimuuliza bodaboda atakwambia tuta ni baya sana, ukimuuliza dereva wa lori atauliza tuta gani. Ndege hivyohivyo. Caravan ikijaza inafika kilo kama 3,970 na mabawa yake ni mita za mraba 26, kwa hiyo kila mita ya bawa inabeba kilo kama 150. Dreamliner ya 787-8 ni tani karibu 228 kwenye mita za mraba kama 377, kila mita inabeba kilo 600. Upepo uleule ukiwapiga wote wawili wakiwa mwendo mmoja, Caravan inarushwa kama mara nne. Ongeza kwamba mwendo wenyewe haulingani, ukienda kasi tuta linakupiga zaidi, hilo kila mtu wa Noah analijua.

Sasa miaka na miaka taarifa za mtikisiko zilikuwa ni rubani anaongea redioni: mdogo, wa wastani, mkali. Basi. Mkali kwa nani? Na anaripoti dakika kadhaa baadae akishamaliza kuhangaika na ndege, wakati huo ameshaacha kilomita nyingi nyuma, kwa hiyo hata sehemu anayotaja siyo. Huku kwetu kwa ndege ndogo mpaka leo ndo hivyo, "kuna kamtikisiko hapo Morogoro, panda kidogo," mwenzake anapanda. Sidharau, kamesaidia wengi. Ila ukitaka kumtengenezea mtabiri wa hali ya hewa ramani, huwezi kumpa kamtikisiko.

Historia ya kutafuta namba ni tamu. Miaka ya 1930 Wamarekani wa NACA, ile taasisi iliyokuja kuwa NASA, walitengeneza kifaa kinaitwa V-G. Ndani kina kipande cha kioo kilichopakwa masizi, masizi kabisa kama ya chungu cha kuni, na kasindano kanakwaruza. Kasi ya ndege inasogeza upande mmoja, mtikisiko unasogeza upande mwingine. Wanakifunga kwenye ndege ya abiria, inaruka masaa mengi, wakikitoa wanakuta doa la mikwaruzo, na kingo za doa zinaonyesha mbaya kuliko zote ilikuwaje na ndege ilikuwa mwendo gani. Lini na wapi, hakisemi. Umepewa ripoti ya mwanafunzi yenye alama ya juu na ya chini, haina jina la somo. Ila kwa kuijenga ndege imara ilitosha, mainjinia walitaka kujua tu bawa litakutana na nini.

Baada ya vita ikaja kazi ya kichaa. 1946 kule Florida na 1947 Ohio, mradi wa kuchunguza radi, mkuu wake Horace Byers wa chuo kikuu cha Chicago pamoja na Roscoe Braham. Walichukua ndege za kivita P-61 wakazipanga ngazi ngazi, futi 5,000, 10,000, mpaka 25,000, halafu wakaziingiza zote kwenye wingu moja la radi kwa wakati mmoja. Zaidi ya mara 1,300 waliingia! Na rubani kaambiwa asishindane na wingu, likimpandisha apande, likimshusha ashuke, kwa sababu akishindana atakuwa amefuta kipimo. Hilo nalipenda sana: rubani kugeuka puto kwa makusudi. Ile hadithi ya wingu la radi tunayofundishwa, linazaliwa na hewa inayopanda, linakomaa likiwa na inayopanda na inayoshuka, linakufa na inayoshuka tupu, imetoka kwenye safari zile.

Na kuna vipimo vilivyopatikana kwa ajali. Tarehe 5 Machi 1966 Boeing 707 ya BOAC, shirika la ndege la Uingereza enzi hizo, iliondoka Tokyo, hali ya hewa safi kabisa, anga jeupe, ikapita karibu na mlima Fuji ikakatikia hewani, watu 124 wote wakafa. Muda mfupi baadae ndege ndogo ya jeshi la maji la Marekani, A-4 Skyhawk, ilipita eneo lile kutafuta mabaki, nayo ikapigwa vibaya, rubani karudi salama na mshale wa kwenye kioo chake umeacha alama ya +9 na -4. Ndege ya abiria haijengwi kwa +9. Na kwenye mabaki ya 707 wakakuta kamera ya filamu ya abiria mmoja, alikuwa anachukua mandhari ya nje, picha zinaenda vizuri afu zinaruka ghafla. Kamera ya mtalii ikageuka kifaa cha kupimia. Upepo mkali ukigonga mlima ulio peke yake unafanya mawimbi na vimbunga nyuma yake, na havina wingu la kukuonya. Sisi tuna Kilimanjaro na Meru pale, rubani yeyote wa njia ya Arusha atakupa stori.

Haya, turudi kwenye swali la yule rubani. Unapimaje hewa bila kupima ndege?

Ndege za utafiti zinatobolewa pua. Matundu matano madogo: la kati linaangalia mbele, moja juu moja chini, moja kulia moja kushoto. Hewa ikija imenyooka, tundu la juu na la chini yanapata presha sawa. Ikija kwa kutokea chini kidogo, la chini linapata zaidi, na tofauti hiyo inakupa pembe ambayo hewa imeingia nayo. Juu chini unapata kupanda na kushuka, kulia kushoto unapata upepo wa ubavuni. Rahisi kusema. Ila ndege ikienda mita 100 kwa sekunde, nyuzi 1 tu ya pembe ni upepo wa mita 1.75 kwa sekunde kwenda juu. Ukikosea nyuzi 0.1, ambayo kwa macho huioni, umekosea sentimita 17 kwa sekunde, na kuna siku upepo wote unaoutafuta ndo huohuo.

Na bado. Hicho umepata ni mwendo wa hewa kwa kuangalia pua ya ndege, na pua yenyewe inapanda, inashuka, inajinyonga. Inabidi ujue pua inafanya nini kila sehemu ya sekunde, hapo ndo zinaingia jairo (vidude vinavyosoma ndege inavyojigeuza) na GPS, halafu unatoa kimoja kwenye kingine. Mvuvi wa ngalawa anaijua hii bila hesabu, anaona maji yanapita ubavuni hivi, anaona minazi ya pwani inasogea vile, tofauti yake ndo mkondo. Shida ya ndege ni kwamba unatoa namba kubwa kwenye namba kubwa kupata kitu kidogo. Ni kumpima paka kwa kulipeleka lori mizani ya Vigwaza, unapima lori na paka ndani, unamshusha paka, unapima tena. Inawezekana, ila hiyo mizani iwe mizani kweli.

Kwa hiyo kabla ya kazi wanaenda sehemu hewa imetulia, rubani anainua pua na kuishusha makusudi, anaipeleka kulia kushoto, anapita njia moja kwenda na kurudi. Kama kompyuta inasema upepo nao unapanda na kushuka kila pua inapopanda na kushuka, basi umepima ndege, rudi kasahihishe. Upepo wa kweli hauna habari na pua yako.

Mojawapo ya hizi ndege imefika kwetu huku. Januari 2019 ndege ya utafiti ya Waingereza, BAe 146 ya FAAM yenye hayo matundu ya puani, iliruka kutoka Entebbe kupita juu ya Ziwa Victoria. Hawakuja kwa ajili ya mtikisiko wa abiria, walikuwa wanafuatilia upepo wa ziwani wa mchana na ule wa nchi kavu wa usiku, unavyokutana na kuzaa radi za alfajiri. Nilivyomwambia shangazi, ambaye kaka zake walivua dagaa, akaniuliza kama waliuliza wavuvi. Sikuwa na jibu hapo pia.

Aside kidogo kuhusu matundu. Sehemu moja niliyowahi kufanya kazi nikiwa kijana, nabeba vifaa tu, ndege ndogo ililala siku nne bila kufunikwa pito. Pito ni ule mrija unaotokeza mbele kupima kasi, kuna soksi nyekundu ya kuuvalisha. Asubuhi rubani anakimbiza ndege kwenye njia, anaangalia mshale wa kasi, mshale umelala sifuri. Akakata, akarudi. Tukaenda na tochi, kumbe nyigu wa udongo amejenga mle ndani, udongo mwekundu laini, kausawazisha vizuri kuliko fundi wa kupiga plasta, na ndani kuna vibuibui amewahifadhia watoto wake. Siku nne tu! Toka hapo mtu akiniambia sensa ya ndege (sio ile ya watu na makazi) ni ya teknolojia ya juu mimi nakumbuka yule nyigu. Mwisho wa siku ni tundu, na tundu lina majirani.

Sasa huwezi kutoboa pua za ndege zote duniani. Hapo ndo kuna ujanja mzuri kuliko yote, na unaanzia kwa Mrusi mmoja wa hesabu, Kolmogorov, 1941. Fikiria noti ya elfu kumi. Inaingia sokoni inavunjwa elfu tano tano, zinavunjwa elfu mbili, elfu, mpaka vichenji vya shilingi hamsini ambavyo vinapotelea kwenye makochi. Hewa nayo hivyo: kizunguko kikubwa cha kilomita kinavunjika vidogo, vidogo vinavunjika vidogo zaidi, mpaka vile vya milimita vinaishia kuwa joto. Wazo lake ni kwamba pale katikati ya soko, nguvu inayopita kwa sekunde ni ileile kwenye kila saizi ya chenji. Ukisimama kwenye meza yoyote ya katikati ukahesabu, umejua soko zima linaendaje. Na ndege inasimama mezani bila kujua: vizunguko vya mita kama mia mpaka kilomita ndo vinavyoitikisa, vidogo zaidi vinapita tu, vikubwa zaidi inapanda navyo taratibu.

Hiyo kasi ya kuvunja noti wanaita EDR. Miaka ya 1990 Larry Cornman na wenzake pale NCAR, kituo cha Marekani cha kuchunguza hewa, Boulder, Colorado, wakaandika programu ya kuipata kwa vitu ambavyo ndege ya abiria tayari inavyo. Njia ya kwanza inachukua aksileromita, halafu kwa kuwa unajua Boeing 757 yenye uzito huu na mwendo huu inaitikiaje upepo, unarudi kinyumenyume: kama lori limejikuna hivi, tuta lilikuwa na urefu gani. Njia ya pili inakokotoa upepo wa juu-chini kwa pembe ya bawa, mwendo na jairo, kama ile ya pua yenye matundu ila kwa vifaa vya kawaida. Hakuna kifaa kipya hata kimoja, ni programu tu. United walianza, Delta na Southwest wakafuata. Mwaka 2001 ICAO, shirika la Umoja wa Mataifa la usafiri wa anga, wakaifanya EDR ndo kipimo rasmi cha ripoti za mtikisiko zinazotumwa na ndege yenyewe.

Kipimo chake ni kituko, mita kwa nguvu ya theluthi mbili kwa sekunde, usijaribu kukielezea kwenye kahawa. Ila namba zenyewe zinakaa kichwani: siku hizi ukifika 0.20 ni wastani, 0.45 na kuendelea ni mkali. Na 0.45 ni 0.45, awe ni bodaboda au lori. Jibu la yule rubani wa Caravan ndo hili, umemtoa ndege kwenye hesabu ikabaki hewa. Anayekuja nyuma anaichukua namba, anaiweka kwenye ndege yake yeye, anajua atarushwa kiasi gani.

IATA, chama cha mashirika ya ndege duniani, nao wana mfumo, Turbulence Aware, walioanza kuujaribu 2018, mashirika yanarushiana hizi EDR bila kutaja majina, rubani anaona kwenye tableti mbele yake pakoje. Ukiangalia ramani za ripoti za ndege duniani, Marekani na Ulaya zimejaa nukta, Afrika ina mapengo makubwa. Hewa yetu inatikisa kama ya wengine, na sisi tuko chini kabisa ya ule ukanda wa radi kubwa za kitropiki. Ila ndege ni chache na zinazotuma ni chache zaidi. Hili linaniudhi kidogo, maana kama nilivyosema, kwa ndege nyingi za kisasa kinachotakiwa ni programu na gharama ya kutuma ujumbe.

Mtu ataniambia mbona ndege ina rada. Rada inaona matone ya mvua. Mtikisiko wa anga jeupe, kama ule wa Fuji, hauna tone. Wajapani wa JAXA, shirika lao la anga, wamejaribu kifaa cha leza kinachosoma vumbi na chembe mbele ya ndege, kinakupa onyo la sekunde kadhaa, inatosha kusema "kaeni," haitoshi kukwepa.

Na ile habari ya 2023 iliyosambaa kwamba mtikisiko umeongezeka asilimia 55? Ni ya kweli, imetoka chuo cha Reading, Uingereza, ila isome vizuri: ni mtikisiko mkali wa anga jeupe, juu ya sehemu ya Atlantiki ya kaskazini, toka masaa 17.7 kwa mwaka 1979 mpaka 27.4 mwaka 2020. Na hawakuzitoa kwenye ndege, wamezikokotoa kwenye kumbukumbu za hali ya hewa, kwa sababu 1979 hakukuwa na EDR ya ndege. Wajukuu ndo watakuwa na miaka 40 ya vipimo vya ndege zenyewe, tena vya Atlantiki, vya Tabora sijui kama vitakuwepo.

Mwezi wa saba shangazi akarudi Dar, hospitali, macho. Nikamfuata Mwanza. Safari hii akataka dirishani, na simu akasema aibane yeye. Njia nzima ananiuliza "sasa imesoma ngapi," namwambia bado tulia, mawingu yenyewe hakuna, jua kali, kavu. Kulikuwa na vimtetemo kidogo tulivyoanza kushuka mchana ule, ardhi imechemka. Tukatua, akafungua mkanda kabla taa haijazimwa, nikamfunga tena.

Nyumbani tukaangalia grafu pamoja, miwani yake na yangu. Mstari umenyooka saa nzima na nusu, vijino vidogo, 0.9, 1.1, mwishoni kabisa mwiba mmoja umesimama peke yake, 1.4. Akauliza hapo ndo wapi, mbona hakusikia kuanguka. Nikamwambia hapo ni matairi yanagusa lami.

"Kumbe," akasema, "na hapo mlipiga makofi."